Tulishindwa Addis, tukashangilia Umoja. Nielezeni kwa nini

Mkazi wa Umoja | Jumapili 16 Februari 2025, saa 4:12 asubuhi

Wakuu, salamu. Jana jioni nilikuwa kwenye kibanda cha chapati hapa mtaani Umoja, Nairobi, karibu na steji. Runinga ndogo iko juu ya friji ya soda, na kijana mmoja wa boda amepasua katoni ya maziwa, anaandika kwa biro kura za Addis Ababa za kumchagua mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, duru baada ya duru. Ya kwanza: Raila Odinga wetu 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Jibuti 18, Richard Randriamandrato wa Madagaska 10. Ya pili: 22, 19, 7. Watu wametulia, wanakula. Ya tatu Jibuti akapita, 23 kwa 20, na hapo nikasikia makofi. Nikadhani nimesikia vibaya. Ilipofika ya sita, 26 kwa 22, ikatangazwa kwamba mtu wetu amejiondoa, watu wakaruka kama Harambee Stars imefunga bao dakika ya tisini. Mama mwenye kibanda, ambaye picha ya Raila imebandikwa juu ya jiko lake tangu 2007, aligeuza chapati ile ile mpaka ikaungua.

Sikulala vizuri. Naomba mnisaidie mambo mawili. Tulikosea wapi huko nje mpaka nchi yenye watu takriban milioni moja itushinde? Na sisi hapa ndani, kitu gani kimetufanya tupige makofi?

Dereva wa Jogoo Road | saa 4:30 asubuhi

Ni Kifaransa tu, kaka. 33 kwa 22, mchezo umeisha. Nchi za Kifaransa zilikaa pamoja zikatuacha na Kiingereza chetu. Hata Amina Mohamed, mgombea wetu wa kabla ya Raila, walimfanyia hivyo hivyo 2016.

Mhesabu Kura | saa 5:05 asubuhi

Dereva, kwanza tunyooshe hesabu. Hakuna duru iliyoisha 33 kwa 22. Umoja wa Afrika una wanachama 55, lakini sita wamesimamishwa: Mali, Burkina Faso, Niger, Guinea, Gabon na Sudan. Wanabaki 49, na theluthi mbili yake ni 33. Raila alifikisha 22 duru ya sita, akajiondoa. Duru ya saba Youssouf alisimama peke yake, ndipo akapata hizo 33.

Na Amina hakushindwa 2016. Mwaka huo uchaguzi ulikwama Kigali na jina lake halikuwa kwenye orodha. Alishindwa Januari 2017, Addis hapo hapo, na Moussa Faki wa Chad, tena duru ya saba.

Hoja ya Kifaransa ina tundu. Madagaska nao wanazungumza Kifaransa. Duru ya tatu walikuwa na kura tano, kisha wakatoka. Duru ya nne Jibuti ilipanda kutoka 23 hadi 25, Raila kutoka 20 hadi 21. Ukipiga hesabu ya juu juu, mbili zimekwenda kule, moja huku, mbili hazikuonekana. Hao si watu waliokaa pamoja.

Dereva wa Jogoo Road | saa 5:11 asubuhi

Sawa mwalimu wa hesabu, nimekubali kukosolewa. Lakini lugha bado iko. Youssouf amekuwa waziri wa mambo ya nje tangu 2005, anazungumza Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu. Miaka ishirini amekaa vikao hivyo hivyo na watu wale wale. Sisi tulipeleka mwanasiasa wa majukwaa.

Binti Pangani | saa 6:40 mchana

Mnaangalia kaskazini, kumbe shimo lilikuwa kusini. Siku chache kabla ya kura, sekretarieti ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliwaandikia wanachama wake kuwakumbusha wamuunge mkono mtu wa Madagaska kwa sababu ni wa jumuiya yao. SADC ina nchi 16. Tanzania na Kongo ziko SADC na ziko pia Afrika Mashariki. Sasa niambieni, mtu ana mama wawili na wote wamemwita chakula cha jioni saa moja. Ataenda kwa nani?

Kongo nadhani haikusita hata kidogo. Desemba 2023 Corneille Nangaa, Mkongo, alizindua muungano wake wa waasi hapa hapa Nairobi, kwenye hoteli, mbele ya kamera. Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani. Halafu tunawaendea mwaka mmoja baadaye tunasema ndugu, tupeni kura!

Jirani wa Eastleigh | saa 8:15 mchana

Salaam aleykum. Wengi mmesahau 2020, Jibuti hawakusahau. Kiti cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kilipogombewa, Kenya na Jibuti walikwenda mpaka duru ya pili Juni 2020, tukawashinda 129 kwa 62. Jibuti walilalamika kwamba zamu ilikuwa yao. Binamu yangu anaendesha duka la vitambaa kule mjini Jibuti. Jana usiku alinipigia simu ya video, barabarani watu wanapiga honi, akaniambia, "Abdi, hii ni ya 2020." Neno hilo hilo, wala sikumwuliza.

Ongeza kwamba Jibuti iko kwenye Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Ongeza kwamba Somalia ilitangaza hadharani kumuunga mkono Youssouf. Ile Somalia tuliyoikaribisha Jumuiya ya Afrika Mashariki juzi tu, 2024.

Mama Watatu | saa 8:22 mchana

Kwa hiyo jirani wa kulia alikataa na wa kushoto alikataa. Hapo shida iko kwa nani?

Mwalimu Mstaafu | saa 11:50 jioni

Vijana wangu, hamjambo. Nimesoma yote. Ruhusuni mzee aanzie mbali kidogo.

Tarehe 9 Januari 2005 nilikuwa uwanja wa Nyayo. Nilikuwa nafundisha shule moja South B, nikatembea kwa miguu na mwanangu wa kiume aliyekuwa darasa la tano. Siku hiyo John Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum walitia saini Mkataba wa Amani wa Sudan. Jua lilikuwa kali. Pembeni yetu walikuwa akina mama wa Sudan Kusini waliosafiri kutoka Kakuma, wamevaa leso zilizofungwa begani, na walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Mmoja alimenya chungwa, akalipasua, nusu akampa mwanangu. Hakuwa na lugha ya kuzungumza naye, akamshika kichwa tu.

Mkataba ule haukuletwa na maneno matamu. Jenerali Lazaro Sumbeiywo alikaa na pande mbili Machakos 2002, kisha Naivasha, miezi na miezi, watu wanasusia, wanarudi, wanasusia tena. Kenya ilisikilizwa kwa sababu haikuwa na upande. Somalia nayo ilipata serikali ya mpito Mbagathi 2004 kwa njia hiyo. Sasa jiulizeni tangu 2022 tumekuwa upande wa nani, na nani ametuona tukisimama hapo. Septemba 2022 rais aliapishwa, Brahim Ghali wa Sahara Magharibi akiwa amekaa jukwaani kama mgeni wetu. Kesho yake ikaandikwa mtandaoni kwamba hatuitambui tena nchi yake, halafu ujumbe ukafutwa. Mtu aliyekaa pale Addis na kura yake mkononi anayakumbuka hayo.

Kijana wa Juni | saa 1:30 usiku

Mwalimu, shikamoo. Umejibu swali la kwanza la mwenye uzi. Mimi nitajibu la pili kwa sababu mimi ni mmoja wa waliopiga makofi, ingawa yangu niliyapigia Kasarani.

Polisi wetu 400 wa kwanza walipanda ndege ya kwenda Haiti kupambana na magenge usiku wa Juni 24, 2024. Walitua Port-au-Prince Juni 25. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa Kenyatta Avenue kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na leso iliyolowa maji usoni, sioni mbele. Risasi zilipigwa Bungeni, watu wakafa. Nchi inapeleka polisi kulinda raia wa watu wengine, na raia wake wanaanguka barabarani. Baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikahesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni hadi Desemba. Mmoja ni mtoto wa jirani yetu. Alirudi baada ya siku tisa, na mpaka leo akisikia gari linapunguza mwendo nje ya geti anaingia chumbani.

Halafu serikali hiyo hiyo ikaniambia nivae bendera kwa ajili ya Addis. Makofi yangu yalikuwa ya kuwaambia Ikulu kwamba hawawezi kututumia. Sina ubaya na Mzee Raila.

Nyanya wa Kibra | saa 2:05 usiku

Mwanangu Kijana wa Juni, nimesoma maneno yako na nimeyasikia. Lakini wewe umesema huna ubaya naye, na bado umempigia makofi akianguka. Mimi nilikuwa Kibra mwaka 1982 alipotiwa kizuizini, akakaa humo miaka. Haki uliyotumia kuandamana Juni iliandikwa na watu kama yeye kwa migongo yao. Ana miaka themanini sasa. Ulishindwa nini kumnyamazia tu?

Kijana wa Juni | saa 2:31 usiku

Nyanya, naomba radhi kwa uchungu niliokutia. Kunyamaza kungefaa, hilo nimelikubali. Lakini alipokubali kubebwa na Ikulu kwenda Addis baada ya Juni ile, nasi tulipata uchungu wetu.

Nyanya wa Kibra | saa 2:40 usiku

Sawa mwanangu. Tumesikizana hapo.

Dereva wa Jogoo Road | saa 2:44 usiku

Nyanya amemaliza kesi dakika kumi, Addis walichukua duru saba.

Wakili wa Milimani | Jumatatu 17 Februari, saa 3:20 asubuhi

Nimefurahia mjadala. Kijana wa Juni amegusa Haiti, na hapo kuna jambo watu hulipita haraka. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2699 la kuruhusu kikosi cha kimataifa Haiti Oktoba 2, 2023, kura 13 za ndiyo, China na Urusi zikijizuia. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango wetu haukufuata Katiba: Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka wanajeshi nje, lakini polisi wana utaratibu wao, na lazima kuwe na makubaliano ya kupokezana na nchi wanakokwenda. Machi 1 Waziri Mkuu Ariel Henry akaja Nairobi, makubaliano yakatiwa saini. Akiwa safarini kurudi, magenge yakafunga uwanja wa ndege wa kwao. Alikwama Puerto Rico, na kabla ya Machi kufika katikati akatangaza kwamba atajiuzulu. Aliyetia saini hakufika nyumbani.

Hilo lilinifundisha kwamba sera yetu ya nje huamuliwa na watu wachache sana. Bunge hupewa habari jambo likishaiva. Ndiyo maana likiharibika hakuna Mkenya wa kawaida anayehisi ni lake. Mkazi wa Umoja, nadhani hiyo ndiyo asili ya makofi. Huwezi kuhuzunikia harusi ambayo hukuchangia hata kikombe cha mchele.

Fundi Kariobangi | saa 4:00 asubuhi

Wakili umeongea, lakini mbona mnafanya kura 22 ziwe matanga? Tuliongoza duru mbili za kwanza. Kura ni ya siri. Marais walituahidi mchana, wakafanya yao usiku. Na mimi naona hawakutaka mwenyekiti mwenye sauti kubwa kuliko yao. Wanataka karani wa kutunza faili. Raila akikaa pale atawapigia simu saa tisa usiku akiwauliza kuhusu uchaguzi wao.

Binti Pangani | saa 4:09 asubuhi

Fundi, Youssouf si karani. Miaka ishirini uwaziri, nchi yake ina kambi za jeshi za Marekani, Ufaransa, China na Japani kwenye kipande kimoja cha pwani, na zote zinalipa kodi bila kugombana. Huyo anajua kuishi na wakubwa.

Mama Watatu | saa 4:15 asubuhi

Na sisi tulikwenda Washington Mei 2024 tukarudi na ahadi ya cheo cha mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara. Cheo hicho kimetuletea nini Addis?

Mshauri wa Kayole | saa 6:55 mchana

Mama Watatu, hapo ndipo nilitaka kufika. Niwieni radhi nikitoka Addis kidogo.

Mimi ni mshauri nasaha. Miaka sita nimefanya kazi kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mradi wetu ulikuwa chini ya PEPFAR, ule mpango ulioanzishwa Marekani 2003. Januari 20 kukatoka agizo la kusimamisha misaada ya nje siku 90. Wiki ile ile tukaambiwa tukabidhi funguo. Nilikuwa na kitabu cha wagonjwa wangu, 214 kwa jumla, nimeandika kwa mkono nani anapendelea kupigiwa simu jioni kwa sababu mume hajui, nani hasomi ujumbe, nani anapokea dawa kupitia kwa dada yake. Nilikiacha kwenye droo kwa sababu si mali yangu. Jana mmoja alinipigia kwa namba yangu binafsi. Ana vidonge vya siku kumi na moja.

Serikali ikisema sisi ni mshirika mkuu, mimi huyo mama wa vidonge kumi na moja ndiye ninayemfikiria. Cheo kilikuja Juni. Januari hakikutukinga hata siku moja.

Mkazi wa Umoja | saa 7:30 mchana

Dada, pole sana. Sina la kuongeza.

Mhesabu Kura | saa 7:48 mchana

Pole Mshauri. Kwa huyo mama, hospitali nyingi za kaunti bado zinatoa dawa. Mwambie aende na kadi yake asingoje ziishe.

Mshauri wa Kayole | saa 8:02 mchana

Asante. Nimemwelekeza hospitali ya Mama Lucy, kesho asubuhi naenda naye.

Dereva wa Jogoo Road | Jumanne 18 Februari, saa 10:20 jioni

Wakuu, mmeona KICC? Nimepita Harambee Avenue na abiria, magari makubwa yamejaa, nauliza naambiwa ni watu wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na wenzao, wanataka kutangaza serikali yao. Hapa. Nairobi.

Wakili wa Milimani | saa 11:00 jioni

Ni kweli. Januari 7 mwaka huu Marekani ilitamka kwamba RSF wamefanya mauaji ya halaiki, na ikamwekea kiongozi wao Hemedti vikwazo. Sasa wamekaa kwenye ukumbi wenye jina la Kenyatta.

Fundi Kariobangi | saa 11:12 jioni

Nitapingwa lakini nasema. Nairobi imekuwa mahali pa kukutania tangu zamani. Mwalimu amesifu Machakos na Mbagathi. Pale nako walikuja watu wenye damu mikononi. Mnataka amani izungumzwe na watakatifu?

Mwalimu Mstaafu | saa 12:30 jioni

Fundi mwanangu, swali lako ni la haki. Tofauti naiona kwenye viti. Machakos kulikuwa na serikali ya Khartoum upande mmoja na SPLM ya Garang upande wa pili, na Sumbeiywo katikati. KICC ya leo ina upande mmoja. Ukimkaribisha mume peke yake, ukamwandalia chakula, akatoka akisema nyumba ni yake, mke hatakuona tena kama msuluhishi. Khartoum ilishamwita balozi wake Januari 2024 Hemedti alipopokewa hapa. Tulikuwa tumeonywa.

Jirani wa Hurlingham | Jumatano 19 Februari, saa 1:40 asubuhi

Hujambo mwalimu. Ghorofa yetu ina familia kutoka Khartoum, walikuja vita vilipoanza Aprili 2023. Mzee wao alikuwa mhandisi wa maji. Kila jioni huketi kwenye ngazi na chai ya rangi kwenye glasi, sukari vijiko vinne, na anayepita humpa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema "karibu". Jana jioni glasi ilikuwepo kwenye ngazi, yeye hakuwepo. Nilibisha, binti yake akafungua kidogo, akasema baba hana nguvu ya kuongea na majirani leo. Nimeishi na watu hawa karibu miaka miwili na sikujua niseme nini pale mlangoni.

Binti Pangani | saa 2:00 asubuhi

Mwambie si sisi.

Jirani wa Hurlingham | saa 2:03 asubuhi

Na ni nani basi? Ndilo swali ataniuliza.

Jirani wa Eastleigh | Ijumaa 21 Februari, saa 9:00 alasiri

Wanaofuatilia: Sudan imemwita balozi wake tena. Wizara yetu inasema ilitoa tu jukwaa la mazungumzo. Fundi, kauli hiyo inafanana na yako.

Fundi Kariobangi | saa 9:25 alasiri

Nimeisoma. Ilisikika vizuri zaidi nilipoisema mimi kabla mwalimu hajanijibu. Bado naamini mtu mbaya lazima azungumziwe mahali. Lakini viti, sawa, mwalimu amenishinda kwenye viti.

Mama Watatu | Jumatatu 24 Februari, saa 2:15 asubuhi

Askari wetu mmoja ameuawa Haiti jana. Wa kwanza. Pole kwa familia yake popote walipo.

Nyanya wa Kibra | saa 2:30 asubuhi

Mungu amlaze pema. Mtoto wa mtu.

Boda wa Katoni | Jumanne 25 Februari, saa 4:40 usiku

Nimejiunga leo tu. Mimi ndiye niliyekuwa na katoni pale kwa mama chapati. Mkazi wa Umoja ninakujua kwa sura, huwa unachukua chapati mbili na maharagwe.

Uliandika kwamba ulisikia makofi duru ya tatu. Ya kwanza yalikuwa yangu. Kaka yangu ni polisi, alikwenda Haiti na kundi la pili. Tangu aende mama yetu anaswali na redio imewashwa. Nilipoona Jibuti amepita, niliwaza kitu kimoja: labda wakishindwa huku watapunguza kutafuta sifa huko nje, na kaka arudi. Sijui kama hesabu hiyo ina akili. Ndivyo nilivyowaza, na mikono ikaenda.

Jumapili habari ya kifo ilipotoka jina halikutajwa mapema. Nilipiga simu ya kaka mara kumi na saba. Niliegesha pikipiki hapo kwa mama, akanipa chai, hakutaka pesa. Saa kumi na moja alfajiri kaka akajibu. Alisema "niko", akakata.

Mkazi wa Umoja | saa 5:02 usiku

Ndugu yangu. Nimekuandika hapa kama mtu wa kuulizwa kosa lake, na wewe ulikuwa na hilo moyoni. Unisamehe. Kesho chapati ni juu yangu.

Wakili wa Milimani | saa 5:10 usiku

Boda, kaka yako ana haki ya kujua anakaa huko mpaka lini, na sisi tuna haki ya kuuliza Bunge. Dola milioni 13.3 ambazo Marekani iliahidi mfuko wa Haiti zimezuiliwa mwezi huu. Nitaandika uzi wake kando.

Mhesabu Kura | saa 5:15 usiku

Katoni bado ipo?

Boda wa Katoni | saa 5:17 usiku

Mama aliibandika ukutani, chini ya picha ya Raila. Duru zote sita ziko.

Chai ya Litein | Ijumaa 14 Machi, saa 6:30 mchana

Habari za mchana. Naona uzi umelala, naurudisha kwa sababu umefika kwetu. Mimi ni mtu wa Kericho ninayefanya kazi kwenye ghala la chai Mombasa. Wiki hii Sudan imezuia bidhaa zote kutoka Kenya, kwa sababu ya KICC. Sudan ni mnunuzi wetu wa chai wa miaka mingi.

Niwaeleze inavyoonekana kwa macho. Chai ikishauzwa mnadani hupangwa kwa mifuko ya karatasi juu ya mbao, na kila fungu lina jina la bandari linakokwenda. Jana asubuhi nilipita kwenye mstari wenye maandishi ya Port Sudan. Kwa kawaida mstari huo haukai, leo huu, kesho mwingine. Jana vijana walikuwa wameukalia wakinywa uji. Msimamizi hakuwafukuza, akaketi nao.

Dereva wa Jogoo Road | saa 6:41 mchana

Si iuzwe Pakistan? Wao ndio wanunuzi wakubwa.

Chai ya Litein | saa 6:50 mchana

Itauzwa, kaka. Lakini mnunuzi akijua una shehena imekosa pa kwenda, bei anapanga yeye.

Mwalimu Mstaafu | saa 8:05 mchana

Mwanangu, na mkulima wa Litein ataona tofauti lini?

Chai ya Litein | saa 8:20 mchana

Bonasi hulipwa Oktoba, mwalimu. Baba ana miche elfu mbili na mia tatu, anachuma yeye na mama. Bado sijampigia simu kumwambia.